Mkonga, rejeta na upepo: somo la njia ya Nduta

 Najua nimepotea na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha, ni kazi tu za kutafuta mkate. Leo naomba tuweke siasa pembeni tuzungumze magari, tena magari ya mashindano. Wale mnaodhani mashindano ya magari ni starehe ya matajiri wa Ulaya nawaomba mnivumilie, maana hadithi yenyewe inaanzia Kibondo.

Mwaka 2017 ndio kwanza nilikuwa naanza kazi hii ya uandishi. Nilitumwa Kigoma kuandika habari za kambi ya Nduta, ile iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kupokea Warundi waliokimbia machafuko nchini kwao. Tulikodi Landkruza pale Kibondo mjini. Mnaijua, ile ndefu ya milango ya nyuma, ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, kama tembo anayenusa. Dereva wake alikuwa mzee mmoja mtulivu, mwenyeji wa huko huko, mwenye kofia ambayo sikuwahi kumwona ameivua.

Mwenye gari alikuwa kalipamba. Mbele kulikuwa na ngao nene ya chuma, juu ya ngao taa kubwa nne, na katikati ya taa kafunga kibao cha plastiki chenye jina la biashara yake na namba za simu. Nyuma ya kibao kulikuwa na wavu mnene wa kuzuia mawe. Mimi niliona gari limependeza kweli kweli. Mzee yeye alilitazama tu, akaguna.

Kwenda tulikwenda salama. Wakati wa kurudi, jua la saa nane mchana, mama mmoja alitusimamisha kijijini akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto anachemka homa na macho yamelegea. Mzee hakuuliza nauli. Alishuka akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Ingia mama, tunakwenda hospitali Kibondo."

Wakati ule njia ilikuwa bado ya vumbi. Tulipoanza kupanda kilima, mshale wa joto la injini nao ukaanza kupanda. Mzee akapunguza mwendo, wapi! Mshale unazidi kwenda kwenye nyekundu. Ndipo akafanya jambo ambalo sikulielewa: alifungua kipasha joto cha ndani ya gari mpaka mwisho. Hebu fikirieni, jua kali, vumbi, mtoto ana homa nyuma, na huyu mzee anatuwashia moto ndani ya gari!

Nikamwambia, "Mzee, mtoto ataumia huyo." Akanijibu bila kugeuka, "Mwanangu, injini ikifa hapa mtoto ataumia zaidi. Fungua vioo vyote."

Kumbe kile kipasha joto ni rejeta ndogo ya pili. Maji ya moto ya injini hupita humo, feni ikapuliza hewa, joto likaingia ndani ya gari badala ya kubaki kwenye injini. Mzee alikuwa anaigawa shida: kidogo kwa injini, kidogo kwetu. Tulijikongoja hadi juu ya kilima, akaliegesha gari kwenye kivuli cha mwembe. Hakugusa mfuniko wa rejeta, alisubiri injini ipoe kwanza. Akachukua spana, akafungua kibao cha jina la biashara, akafungua taa mbili, akang'oa na wavu, akavitupia vyote nyuma. Kisha akamimina maji kwenye rejeta kutokea upande wa injini kuja mbele, yaani kinyume na upepo unavyoingia. Nyie! Zilitoka mbegu za majani, mabawa ya panzi, udongo mwekundu, karibu kujaza kofia.

Aliponiona nashangaa akasema maneno ambayo sijayasahau: "Upepo ni mmoja, lakini kila mtu anautaka. Taa inautaka, ngao inautaka, rejeta inautaka. Ukigawa ovyo, injini inakufa."

Tulifika Kibondo mshale umetulia. Nitawaambia baadaye habari za mtoto. Kwanza niwaeleze yale maneno ya mzee yalinipeleka wapi.

Niliporudi mjini nilianza kusoma, na nikagundua kwamba ugomvi wa kugawa upepo ndio historia nzima ya magari ya mashindano. Mhandisi wa gari la mashindano anakabiliwa na madai matatu kwa wakati mmoja. Dai la kwanza ni umbo: gari lipasue hewa bila kukwama, na hewa hiyo hiyo iligandamize gari chini ili lisiteleze kwenye kona. Dai la pili ni kupoza. Katika mafuta yote yanayoungua, takriban theluthi moja tu ndiyo inayosukuma gari. Nyingine hutoka na moshi, na nyingine inabidi iondolewe na maji na oili, la sivyo injini inayeyuka. Dai la tatu ni nafasi: injini, rejeta, tangi la mafuta, giaboksi na binadamu mwenyewe, wote wanatakiwa kuenea ndani ya kitu kidogo iwezekanavyo. Ukifungua tundu kubwa la kupoza, umeongeza ukinzani wa hewa. Ukiliziba ili gari likimbie, injini inachemka. Ukiihamisha rejeta, umekula nafasi ya kitu kingine. Njia mbili zilimshinda fisi, na huyu mhandisi anazo tatu!

Sasa, uwanja wa kuijaribu hesabu hii ulikuwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na baadaye Safari Rally. Wazee wetu wa Usambara na Mbulu waliyaona magari hayo yakipita mbele ya nyumba zao. Tope, mito, vumbi, mwinuko, ng'ombe barabarani, vyote ndani ya safari moja ya maelfu ya kilomita. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80 yakamaliza saba. Mwaka 1968 ikawa vile vile, yakamaliza saba tu! Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Na katikati yake, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, nao kwa Peugeot 404 vile vile. Huyu Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi na kufanya kazi Tanzania. Niambieni, ni wangapi kati yetu tuliofundishwa shuleni kwamba ubingwa wa mashindano magumu kuliko mengi duniani ulikuja Tanzania mara mbili mfululizo? Mimi sikufundishwa. Tunazijua tarehe za vita vya Ulaya, haya hatuyajui.

Peugeot 404 lilikuwa gari la familia, lenye umbo la sanduku, na ndani ya boneti yake kulikuwa na nafasi ya kutosha fundi kuingiza mikono yote miwili. Kwa hesabu ya umbo lilikuwa nyuma ya magari mengi ya Ulaya. Kwa hesabu ya kupoza na ya nafasi lilikuwa mbele. Na huku kwetu hesabu hizo mbili ndizo zilizokuwa na uzito.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa au Dar. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, kwa hiyo rejeta iliyotosha pwani haitoshi bara. Maji nayo yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi: unayabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Wale mnaoendesha na mfuniko uliolegea mkidhani ni kitu kidogo, mmesikia? Sababu ya pili ni uchafu. Rejeta safi ya asubuhi siyo rejeta ya jioni baada ya kupita kwenye majani na tope. Mhandisi wa Ulaya angeweza kupima tundu la upepo kwa usahihi wote kule kwao, lakini huku tundu hilo linazibwa na mbegu za majani ndani ya nusu siku.

Kwa hiyo magari ya Safari yakaota viungo vyake. Ngao mbele. Taa za ziada, mpaka pembeni ya kioo cha mbele. Mkonga wa kuvutia hewa, ili injini isinywe maji kwenye mto wala isimeze vumbi linaloelea chini. Kila kiungo kati ya hivi kinaharibu umbo la gari. Mhandisi wa mbio za lami akiona anaziba macho. Lakini bila mkonga gari linakufa mtoni, na gari lililokufa mtoni mwendo wake ni sifuri hata liwe na umbo la mshale.

Ushahidi ninaoupenda ni wa miaka ya 1980. Mwaka 1985 na 1986 ubingwa wa dunia wa kampuni ulichukuliwa na Peugeot kwa gari la 205 T16: injini nyuma ya dereva, magurudumu yote manne yanavuta, jepesi, kila kitu kimebanwa kama dagaa ndani ya kopo. Lakini Safari ya 1985 alishinda Juha Kankkunen, na ya 1986 Björn Waldegård, wote kwa Toyota Celica yenye injini mbele na mvuto wa magurudumu ya nyuma tu! Na ndiyo Celica hiyo hiyo iliyokuwa imeshinda 1984. Sababu za kushinda ni nyingi, ikiwemo maandalizi na madereva wenyewe, siwezi kusema ni mpangilio wa vipuri peke yake. Ila ukweli unabaki kwamba gari lililotawala dunia nzima halikuwahi kuitawala Safari, na lililoitawala lilikuwa la kizamani kwa mpangilio wake.

Msije mkadhani haya ni mambo ya vumbi la Afrika tu. Tupande ndege twende kwenye Formula One, kule kwenye lami laini. Magari yale zamani yalibeba rejeta puani. Mwaka 1970 kampuni ya Lotus ilileta gari namba 72, rejeta zimehamishiwa ubavuni, pua ikabaki nyembamba kama kabari. Hatua moja tu, na hesabu zote tatu zikabadilika. Baada ya hapo Lotus wakagundua kwamba ubavu wenyewe unaweza kuwa bawa lililogeuzwa: hewa inapita kwa kasi chini ya gari na kulinyonya kuelekea barabarani. Lotus 79 ya mwaka 1978 ilikuwa balaa, na Mario Andretti akawa bingwa nayo.

Wapinzani wao Brabham walikuwa na mhandisi anayeitwa Gordon Murray. Huyu ni Mwafrika Kusini, mzaliwa wa Durban. Mwaka 1978 Murray alijaribu jambo la ujasiri: kuondoa rejeta kabisa na kutandaza vibamba vya kupozea juu ya ngozi ya gari, hewa iwe inavifuta tu ikipita. Umbo likawa zuri ajabu. Injini ikachemka! Vibamba havikutosha, na gari lilipoingia mashindanoni kwa mara ya kwanza pale Kyalami, Afrika Kusini, lilikuwa limerudishiwa rejeta puani. Aibu ya kitaalamu hiyo, tena nyumbani.

Shida yake ya pili ilikuwa ya nafasi. Injini yake ya Alfa Romeo ilikuwa na mitungi 12 iliyolala, sita kulia na sita kushoto. Ilikuwa pana mno kiasi kwamba pale ambapo Lotus walipitisha mkondo wa hewa, yeye alikuwa na vyuma. Asingeweza kuiga. Hapo ndipo ninapompenda huyu bwana. Alichukua rejeta akailaza juu ya injini, akaziba kingo za gari zikaribiane na barabara, akafunga feni kubwa nyuma. Feni ilivuta hewa kupitia rejeta, na papo hapo ikavuta hewa kutoka chini ya gari na kuligandamiza. Sheria ilikataza kifaa kinachosogea kwa ajili ya kugandamiza gari. Brabham wakasema: hii ni feni ya kupoza, kugandamiza ni matokeo tu. Na kwa kweli hewa nyingi iliyopita humo ilitoka kwenye rejeta. Tarehe 17 Juni 1978, kule Anderstorp nchini Sweden, Niki Lauda alishinda na gari hilo kwa zaidi ya nusu dakika. Wapinzani wakalalamika kwamba lilikuwa linawarushia mawe na uchafu usoni. Ushindi ukabaki halali, lakini gari halikushindania tena ubingwa wa dunia baada ya siku ile.

Mmeona alichofanya? Yale madai matatu yaliyokuwa yanagombana, aliyafanya yasaidiane. Kupoza kukawa ndiko kunakoleta mgandamizo, na upana wa injini uliokuwa laana ukawa meza ya kulazia rejeta.

Safari Rally nayo ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha. Mwaka 2022 walikuja na magari yenye mota ya umeme ya kilowati 100 juu ya injini ya petroli. Betri nayo ikaongezeka kwenye foleni ya wanaodai upepo, maana nayo lazima ipozwe, tena iko nyuma kwenye vumbi. Na pamoja na kompyuta zote walizonazo, kwenye lile vumbi laini kama unga magari hayo yakaonekana na nini? Mkonga! Miaka yote hiyo, na suluhisho likabaki la tembo. Toyota walichukua nafasi nne za kwanza mwaka huo. Mwaka 2025 ile mitambo ya umeme ikaondolewa kwenye mashindano yenyewe, foleni ikapungua mtu mmoja.

Kinachonisumbua katika historia hii ni nani anayeandikwa. Murray ameandikwa, na anastahili. Shankland ameandikwa kwenye kombe, japo sisi wenyewe tumemsahau. Lakini mafundi wa Nairobi, Kampala na Dar waliokesha wakiosha rejeta, wakikata mabati na kubuni pa kuweka taa bila kuua injini, majina yao hayapo. Ujuzi wao haukuandikwa kwenye daftari, ulihamia mikononi mwa wengine, fundi hadi tingo, tingo hadi dereva. Nikimfikiria yule mzee wa Kibondo na kipasha joto chake naona alikuwa anapiga hesabu ile ile ya Murray, isipokuwa yeye hakuwa na karatasi, na badala ya kombe alikuwa na mtoto mwenye homa nyuma ya gari.

Haya, mtoto. Siku mbili baadaye, kabla sijaondoka, nilipita hospitali. Nilimkuta mama yake amekaa nje kwenye benchi, mtoto miguuni anakula ndizi. Ilikuwa malaria. Yule mama alinishukuru mimi, eti kwa sababu ndiye niliyekuwa nimekaa mbele. Nikamwambia wa kushukuriwa siyo mimi. Nikatoka kumtafuta mzee nimpelekee salamu.

Nilimkuta gereji. Mwenye gari alikuwa kaamuru kibao chake kirudishwe mbele, jina la biashara lionekane. Mzee alikuwa ameinama na spana mkononi, anakifunga. Lakini alikuwa anakifunga juu ya paa.